Koili ya nne

Ndugu yangu,

Salamu tele kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi wazima. Najua miezi mitano nimekuwa kimya, halafu naibuka na shida. Nitukane tu, nimeshazoea.

Ni lile gari langu la kale, Ford T. Unakumbuka lilivyokuwa likimisi? Nikalaumu plagi, nikalaumu kabureta, hadi shemeji yako akaniambia niliuze chuma chakavu. Wiki tatu! Na kipimo kilikuwa cha dakika mbili: kila silinda ina koili yake, kile kisanduku cha mbao kinachoipa plagi umeme wa cheche, basi nikaichomoa ya nne nikaibadilishana nafasi na ya kwanza. Ugonjwa ukahama nayo.

Nikaamua kuzifungua zote. Ile kondensa ya karatasi, inayohifadhi umeme kidogo ndani ya koili, imezikwa kwenye lami karibu miaka 100, imenyonya unyevu, inavujisha umeme. Ndiyo maana cheche zilikuwa zinaruka kwenye pointi, vile vyuma viwili vya juu ya koili vinavyogusana na kuachana, badala ya plagi, na pointi zenyewe zimeungua zikatoboka vishimo. Tatu za mwanzo zilinipa kiburi. Nililaza kila moja kwenye friza usiku kucha, asubuhi lami inabanduka vipande kama kioo. Natoa kondensa, natia mpya ya mikrofaradi 0.47, namwagia lami tena. Zinalia kama nyuki.

Ya nne sikuilaza. Nilikuwa na haraka, haraka ya nini sijui, gari lenyewe haliendi popote. Lami ilikuwa inanatanata, nikakandamiza patasi, ikateleza. Nilipoitoa, nchani palikuwa na kiuzi cha shaba chembamba kuliko unywele. Nikaweka mita kwenye msokoto wa pili, ule wa waya mwembamba, mahali pa kusoma maelfu ya ohmu. Kimya: waya umekatika. Nikajaribu tena, kama vile mita ndiyo yenye makosa.

Hizo tatu nazo nimezirekebisha kwa sikio, kama Mzee alivyotufundisha. Lakini nilipoweka mita ya ampea, moja inavuta ampea 2 badala ya 1.3. Nadhani nimeikaza springi ya pointi mno, na itazila hizo pointi mpya. Usimwambie Mzee.

Sasa niambie: ile koili yako iliyopasuka mbao bado unayo, au uliitupa? Msokoto wake ni mzima? Mbao si neno, kisanduku ninacho. Na mashine ya kupimia koili, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilisharudi kutoka kwa yule jamaa? Pointi zako unaachia nafasi gani? Mimi nimeweka milimita 0.8. Na goti la mama je?

Jibu upesi, hata mstari mmoja. Gari nimelifunika turubai, na shemeji yako ameshaanza kuanika nguo juu yake.

Wako yuleyule,
Mwenye patasi