Kwa somo yangu aliyeko Ohio

Ngamiani, Tanga
14 Septemba 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, mguu umepungua uvimbe na sasa anajikokota mwenyewe mpaka barazani. Hela uliyotuma imefika, nitakueleza mbele imefanya nini.

Nimekaa na ujumbe wako wa sauti wiki mbili bila kujibu. Usidhani nimenuna. Ulisema, na sauti ilikuwa inatetemeka: "Waambie wote huko kwamba mimi si tajiri. Mimi ni maskini kama nyie." Nimeusikiliza usiku, watu wakiwa wamelala, mara tatu au nne. Najua kilichokufikisha hapo: mjomba kaomba ada, shangazi kataka bati, na wiki hiyohiyo mwenye nyumba kakuongezea kodi. Nilichelewa kujibu kwa sababu nusu ya maneno yako naikubali kabisa na nusu nyingine imenichoma, nikataka kwanza nijue ipi ni ipi.

Nianze na ninachokiona kila siku nikiwa nyuma ya meza yangu ya dukani. Kila jioni, magharibi ikikaribia, kuna binti mdogo anakuja na chupa ya dawa ya kikohozi iliyosuuzwa. Ananinyooshea mia tano iliyokunjwa mara nne, anasema, "Mama kasema mafuta." Nampimia. Lita moja ya mafuta ya kula nauza 6,000. Lakini vipimo vya shilingi 500 natoa 14 kwenye lita, kwa hiyo mama yake, akija kufikisha lita, ameshalipa 7,000. Mimi nanunua dumu la lita 20 kwa 104,000, yaani 5,200 kwa lita, na yule anayeniuzia ananunua kwa bei ambayo hataniambia. Mafuta ni yaleyale. Mwenye pesa kidogo kuliko wote ndiye analipa zaidi kuliko wote, na si kwamba mimi ni mwizi, Mungu ni shahidi, mafuta yanamwagika, yanaganda kwenye kipimo, na muda wangu nao una thamani. Yule mama anajua hesabu hii vizuri kuliko mimi. Siku moja aliniambia mwenyewe, "Dada, ningekuwa na elfu sita kwa mkupuo ungeniona mara moja kwa wiki." Hana. Mumewe anaendesha bodaboda ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndicho kinakuja kwangu ndani ya kiganja cha mtoto.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, somo yangu. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba subira yavuta heri, na sikatai. Lakini nikiwa pale mezani naona kwamba hata subira inanunuliwa. Anayeweza kusubiri wiki ananunua lita. Anayeweza kusubiri mwezi ananunua dumu. Anayeweza kusubiri mwaka ananunua kiwanja na kukiacha kiote majani. Tajiri ni mtu anayeweza kusubiri. Maskini naye anangoja sana, tena kutwa nzima, kwenye foleni ya hospitali, kwenye kituo cha daladala, kwenye kibaraza cha mwenye kumdai, ila yeye hasubiri, anasubirishwa.

Unamkumbuka babu mzaa baba na ile kadi yake aliyoitunza kwenye kopo la maziwa? Alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, manamba, mtu mwenye namba. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, miche imetoka Florida, huko huko Marekani kwenu, na Tanga nzima ikageuka mashamba. Babu alikuwa anapewa kipande, kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi yako ya siku mnyapara anatia alama. Usipomaliza, siku hiyo imekwenda bure. Mshahara hautoki mpaka kipande kijae. Alisubirishwa hivyo miaka na miaka, na kamba zikapanda meli. Sijui kwa nini aliitunza ile kadi. Labda ndiyo karatasi pekee yenye jina lake.

Na mjomba wa Handeni ndiyo hivyohivyo. Mwaka jana dalali alimfuata mpaka shambani, mahindi hayajakauka vizuri. Mtoto anatakiwa aripoti shule, mke kalazwa. Akauza kwa 40,000 gunia, tena gunia lenyewe la lumbesa, limeshonewa kilemba juu mpaka linakaribia kuwa gunia na nusu. Februari gunia la kawaida lilifika 90,000, na mjomba akawa ananunua unga wa kupima dukani kwa mtu mwingine. Mahindi yake mwenyewe, inawezekana. Hakuwa mvivu wala mjinga, anajua bei itapanda kama anavyojua masika yatakuja. Kilichomshinda ni miezi saba tu ya kungoja.

Sasa nije kwako. Saa yako moja ya kuwaogesha wale wazee ni dola 17, kama elfu arobaini na moja za huku, na hiyo ni faida yangu ya siku mbili nzuri. Kwa hilo usiniambie uko kama sisi. Mwezi Juni mwaka huu Benki ya Dunia imepandisha mstari wa umaskini wa kupindukia kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3, zikiwa zimerekebishwa kwa bei za kila nchi, na bado kuna watu kama milioni 800 chini ya mstari huo. Wewe hauko karibu nao. Tena kuna mali ambayo umeizoea hata huioni. Unafungua bomba, maji yanatoka, ya moto yako na ya baridi yako, usiku na mchana. Umeme ukikatika saa mbili mnaandika malalamiko. Basi la shule linamchukua mtoto wa jirani yako mlangoni bila nauli. Huku tajiri wa kweli kabisa anachimba kisima chake, ananunua jenereta yake, anaweka mlinzi wake na kumlipia mtoto shule ya binafsi, na akimaliza yote hayo ndipo amefikia pale unapoanzia wewe ukiamka asubuhi. Kuna mchumi Mserbia, Branko Milanović, aliyefanya kazi miaka mingi Benki ya Dunia, ambaye ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za kipato duniani inatokana na nchi anayoishi mtu. Wewe na mimi tulikaa dawati moja, na katika mitihani nilikuwa nakupita, unajua. Kilichotutenganisha ni viza.

Hiyo ndiyo nusu iliyonichoma. Nusu ninayoikubali ni hii.

Ulipoteleza kwenye barafu Januari, mkono umevimba, ulimkataza yule mpita njia kuita gari la wagonjwa kwa kuogopa bili. Ukaenda kwa teksi, umeshika mkono kwa mkono. Nilipokusikia nililia, na sikukwambia. Mtu aliye katika nchi tajiri kuliko zote anaogopa kuokolewa! Gari ni la mkopo, masomo ya uuguzi ni mkopo, samani umenunua kwa kadi. Ukiugua wiki tatu nyumba inaondoka. Mimi nyumba hii aliniachia baba, ina nyufa lakini haina deni, na bidhaa za dukani ni zangu. Tukiweka kila kitu mezani na kutoa madeni, mwenye mali ni mimi, wewe uko chini ya sifuri. Ripoti ya utajiri wa dunia iliyotolewa na benki ya Uswisi, Credit Suisse, mwaka 2022 ilihesabu kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wote duniani, mali yao ukitoa madeni haifiki dola 10,000. Humo tumo wote wawili, mimi kwa umaskini wa nchi, wewe kwa mikopo.

Nimefikiri sana kuhusu zaka. Sisi tunayo tafsiri ya tajiri siku zote na hatuitumii. Sheria haiulizi umepokea mshahara kiasi gani. Inauliza: una thamani ya gramu 85 za dhahabu, na je, imekaa kwako mwaka mzima? Kama imekaa, toa asilimia 2.5. Pesa iliyopita mkononi mwako kama maji ya mfereji haikufanyi uwajibike. Na katika wale wanane wanaostahili kupewa, waliotajwa ndani ya Sura At-Tawba, wamo wenye madeni. Kwa hiyo wewe unayetumia watu kila mwezi, yawezekana kisheria ndiye wa kupewa. Nilimweleza mama hili, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na sisi tumekuwa tunamkamua."

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Baba alikuwa analisoma kwa sauti. Mshahara wa pili ulikuwa alama ya ubepari. Leo wewe una mishahara miwili, wa mchana na wa usiku, na hakuna mtu angekutazama ukishuka basi saa kumi na moja alfajiri akakuita bepari.

Matajiri wenyewe wako wapi basi? Watafiti wa Paris waliotoa ripoti ya mwaka 2022 kuhusu ukosefu wa usawa duniani waliona kwamba asilimia 10 ya juu wana asilimia 76 ya mali yote, na nusu nzima ya chini wana asilimia 2. Nilitaka kuiona, nikaipima kwenye mizani yangu. Tuseme watu 100 na sukari kilo 100. Watu kumi wanabeba kilo saba na nusu na ushee kila mmoja. Arobaini wa katikati wanapata kama nusu kilo. Hamsini waliobaki wanagawana kilo mbili, gramu 40 kwa kila mtu. Nilipima hizo gramu 40. Hazikujaza kiganja. Nilizimimina kwenye karatasi nikazikunja, zikakaa pale mezani mpaka jioni, sikuweza kuzirudisha kwenye gunia.

Na hata huko juu kuna juu yake. Unamkumbuka Saniniu Laizer wa Simanjiro, aliyeuza mawe mawili ya tanzanaiti Juni 2020 kwa shilingi bilioni 7.7, nchi nzima ikamwita bilionea? Alikuwa tayari na ng'ombe zaidi ya elfu mbili, yaani mtu wa kuweza kusubiri mgodini, si kama wanaapolo wanaoshuka shimoni kwa chakula tu. Zile bilioni ni zaidi kidogo ya dola milioni 3. Desemba mwaka jana mali ya Elon Musk ilihesabiwa kupita dola bilioni 400. Wangehitajika akina Laizer zaidi ya laki moja, wa siku ile ile ya furaha yao, kumfikia. Neno ni moja, bilionea, na ndani yake kuna umbali ambao hesabu za shule hazikutuandaa nao. Wewe na mjomba mnagombana kuhusu dola mia, somo yangu, na nyote wawili mko ndani ya kilo zilezile mbili au jirani yake.

Kwa hiyo nimeongea nao. Mjomba amekubali asikupigie tena moja kwa moja, apitie kwangu. Shangazi amenuna, ataninunia, nitazoea. Na wewe Jumapili usichukue zamu, ulale.

Zile dola 200: ada ya mtoto nimelipa moja kwa moja shuleni, dawa za mama nimenunua, na iliyobaki nilimpelekea mjomba Handeni mwenyewe kwa basi. Dalali alikuwa ameshafika, pikipiki yake imeegeshwa chini ya mwembe. Mjomba alimkaribisha chai, akamwambia mwaka huu bado. Magunia sita yapo ndani, kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi, wale wadudu wa mahindi, hawaingii, na kitanda chake amekisogeza karibu nayo. Februari nitakuandikia bei.

Wasalaam,
somo yako