Ile mifuko 10 ya fundi wako

Mambo shosti,

Meseji yako nimeiona, nikasema hii siyo ya kujibu kwa vimeseji vya mistari miwili, ngoja nikuandikie kabisa utulie usome. Umeniuliza fundi kasema mifuko 10 ya saruji inatosha jamvi la sebule, yaani lile zege la sakafu, je anakupiga au hakupigi? Hela hakupigi. Kama kuna kupigwa basi ni kwenye zege lenyewe, na hiyo ndo inaniudhi zaidi maana nyufa utaziona mkiwa mmeshahamia na tailizi zimeshawekwa.

Sasa twende taratibu. Sebule umesema ni mita 4 kwa 5, unene wa jamvi mlikubaliana sentimita 10, kwahiyo 4 mara 5 mara 0.1, unapata mita za ujazo 2. Hilo ndo zege unalolitaka likiwa limeshamwagwa.

Resho aliyokuambia ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na hapo ni ujazo siyo uzito. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwahiyo mchanga wake ni lita 70 na kokoto lita 140. Ukichukua ndoo ya lita 20 hiyo ni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto kwa kila mfuko, basi, mwambie wapime kwa ndoo, mambo ya makarai achana nayo kwasababu kuna karai la kujaza mlima na kuna karai la flati na wote wanahesabu moja.

Hapa kuna sehemu watu wengi wanaangukia. Unajumlisha 35 na 70 na 140 unapata 245, unasema haya mfuko mmoja unanipa lita 245 za zege. Haukupi! Mchanga unaingia kwenye nafasi zilizoko katikati ya kokoto, saruji nayo inaingia kwenye nafasi za mchanga, ukishaweka maji na kushindilia inabaki kama lita 160 tu, yaani mita za ujazo 0.16. Ukipiga kwa ile 245 utapata mifuko 8 na kidogo, alafu siku ya kumwaga saruji inaisha sebule haijaisha, ndo unaona watu wanakimbizana na bodaboda kutafuta mifuko jioni.

Sasa ile X ya darasani. Mfuko 1 unatoa 0.16, je mifuko mingapi inatoa 2? Andika 1/0.16 = X/2. Cha kuangalia ni kimoja tu, mifuko ikae juu pande zote mbili na zege likae chini pande zote mbili, ukichanganya hapo hata uzidishe vizuri vipi jibu litakuwa la ajabu. Zidisha mshazari, 0.16X = 2, gawa, X ni 12.5. Nunua 13.

Unaona sasa, fundi kasema 10 na hesabu inasema 12.5. Usimrukie. Hesabu ni ileile ila badilisha kisichojulikana, usiulize tena mifuko mingapi, uliza mifuko 10 inanifikishia wapi. Kama resho haibadiliki basi unene ndo unapungua: mifuko 12.5 kwa sentimita 10 ni sawa na mifuko 10 kwa X, yaani 12.5X = 100, X ni sentimita 8. Na kama unene ni 10 kweli basi kila mfuko unalazimishwa kutoa mita za ujazo 0.2 badala ya 0.16, maana yake mchanga na kokoto vimeongezwa kimyakimya na ile siyo tena 1:2:4. Inaelekea 1:3:6, ambayo ipo na watu wanaitumia, kwa sebule yako ingekula mifuko 9 hivi, ila ni zege dhaifu zaidi na siyo ulichokubaliana nacho. Kwahiyo wewe muulize tu kwa upole, fundi, hizi 10 ni za unene gani na resho gani? Akijibu utajua umeshika mtu wa aina gani.

Maji usiyasahau. Nusu ya uzito wa saruji inatosha, yaani mfuko wa kilo 50 maji lita 25, na mchanga ukiwa umelowa na mvua unapunguza. Vijana wanapenda kumimina mpira wa maji ili zege liteleze wasichoke kusukuma, hapo unaweza ukawa umepatia resho yote alafu ukaharibu kwa maji.

Alafu lile la pili, kwamba mafundi 2 wanapiga plasta siku 6, ukiongeza wa 3 siku ngapi. Hiyo usiipangie kama ya mifuko! Ukiweka 2/6 = 3/X utapata siku 9, yaani umeongeza mtu kazi ikachelewa, haiingii akilini. Kimoja kikiongezeka na kingine kinapungua, unazidisha kila upande kivyake, 2 mara 6 ni 12, na 3 mara X lazima iwe 12 hiyohiyo, kwahiyo siku 4. Hiyo ni kama jukwaa linawatosha wote watatu na anayechanganya mchanga na saruji ya plasta anawahi, la sivyo mmoja atakuwa anakula posho amekaa kivulini.

Kabla hawajamwaga piga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, pale juu ya jamvi litakapoishia, pima kwa tepu kutoka kwenye kamba mpaka kwenye kifusi kilichojazwa chini, pembeni na katikati, maana kifusi kisiposhindiliwa sawa unene unakuwa 6 hapa na 13 kule na hesabu yetu yote inayumba. Nitumie vipimo vya vyumba viwili vilivyobaki nikupigie na hivyo, hesabu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, tuiache kwanza mpaka uniambie ametaka nondo za ngapi.

Msalimie shemeji na watoto.

Mimi shosti wako.