Risala ya Kikundi cha Maseremala na Wachongaji wa Kizota, Dodoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Viongozi wa dini, wazazi, wahitimu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, kikundi kinakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, kwani barua ya mwaliko ilirudi kwako zaidi ya mara moja. Hayo yamepita. Umefika, karibu sana Kizota.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na tutaifupisha zaidi. Tulianza tukiwa maseremala wachache wenye randa za mkono, chini ya mwarobaini ule pale nje. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba zilijengwa, milango ikatafutwa, nasi tukajisajili ili tukopesheke. Kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, tulipata mkopo, tukaagiza kutoka China mashine ya CNC, ambayo ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta.

Mafanikio ni makubwa. Tumechonga milango ya nyumba kadhaa za watumishi kule Iyumbu, na mimbari ya kigango kimoja. Kazi zetu zimevuka mipaka ya mkoa: vibao viwili vya twiga viko Singida, na kimoja kilichukuliwa na msafiri aliyekuwa akielekea Nairobi, kwa hiyo tunaweza kusema soko la Afrika Mashariki tumeshaliingia. Vijana utakaowakabidhi vyeti leo wanajua kuchora kwenye kompyuta, kupanga njia ya kisu na kuchagua biti, yaani ncha ya kukatia, inayofaa kwa mninga au mkongo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Mninga wa Tabora umepanda bei, na programu nzuri za kuchorea zinalipiwa kwa dola. Lakini kamati ilikaa ikakubaliana tusikuchoshe na orodha. Tuna ombi moja: umeme wa njia tatu, yaani ule wa nyaya tatu za moto unaobeba mashine kubwa, badala ya njia moja kama wa nyumbani.

Turuhusu tulieleze, maana huko nyuma tuliwahi kulisoma kwa mstari mmoja na likaishia kwenye makofi.

Karakana hii inatumia njia moja, kwenye laini ndefu tunayochangia na majirani, wakiwemo mafundi wa kuchomelea. Jirani akianza kuchomelea geti, au sisi wenyewe tukiwasha randa ya umeme, umeme unakuwa mdogo na mashine inajizima. Mtu wa nje atasema iwashwe tena, kazi iendelee. Haiendi hivyo. Picha ya kuchonga inaingia kwenye kompyuta ikiwa ya rangi ya kijivu: panapokaribia weupe ndipo pa juu, panapokaribia weusi ndipo pa kwenda chini. Biti bapa inaondoa mbao nyingi kwanza, kisha biti ya ncha ya duara inapita kulainisha, ikisogea milimita 0.3 tu kila mstari. Ubao wenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 60 una mistari zaidi ya 1,300, karibu mita 800 za kutembea. Kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika, kulainisha peke yake ni zaidi ya saa nne. Mashine ikizimika katikati, mota zake zinapoteza hesabu ya mahali zilipokuwa. Ukikosea nusu milimita kuirudisha, ubao unabaki na ngazi ambayo msasa hauiondoi bila kula picha.

Zawadi yako ndiyo ushahidi, Mheshimiwa. Ni kichala cha zabibu za Dodoma kwenye ubao wa mninga. Ukipitisha kidole kuanzia kwenye jani la juu, utakutana na mfereji unaokata zabibu tatu. Hapo ndipo umeme ulipotuacha. Kamati ilijadili kama tukuchongee nyingine, ikaona hii inasema vizuri zaidi kuliko katibu.

Tulishauriwa tununue stabilaiza, tukanunua. Inasaidia umeme ukishuka kidogo, ukishuka sana inajizima nayo. Tukashauriwa jenereta, dizeli ikala faida ya mlango mzima. Kile kifyonza vumbi kilichofunikwa turubai kina mota ya njia tatu, kwa hiyo vijana wanavuta vumbi la mbao, ambalo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameliweka katika kundi la visababishi vya saratani. Na marejesho ya mkopo, Mheshimiwa, hayaulizi kama umeme ulikuwa mdogo.

Ahadi hatujazikosa. Mgeni rasmi wa mahafali ya kwanza, tunayemheshimu sana, alisema transfoma ingefika kabla ya mvua. Mvua hakuitaja ni ya mwaka gani. Aliyefuata alipiga simu hapa hapa mbele yetu, tukashangilia. Baadaye zikaletwa nguzo mbili, zikalazwa kando ya barabara, na hata leo umezipita ulipokuwa unaingia; watoto wanazikalia wakila ubuyu. Tunashukuru kwa nguzo. Zingesimama tungeshukuru zaidi.

Tunajua nchi ina umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, nasi tulifurahi kama Watanzania wote. Kilichobaki ni kipande cha laini kutoka barabara kuu hadi mlango huu, na transfoma. Gharama ya kuunganisha ndani tumeshaanza kuichanga. Kitabu cha michango kipo kwa mhazini, unaweza kukikagua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba katika hotuba yako ututajie tarehe, na jina la ofisa tutakayemfuata tarehe hiyo ikipita. Katibu msaidizi amekaa kushoto kwako na kalamu. Baada ya hapo tutaomba ukabidhi vyeti, kisha chakula.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi