Ubongo wa aliyetulia haujazimika

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa afya wa Jumapili iliyopita ulisema kwamba mtu akikaa bila kufanya lolote ubongo wake "hujizima", na kwamba picha za MRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, za mtu aliyelala kimya huonyesha damu na pumzi tu. Mimi ni radiografa, mashine hiyo ndiyo kazi yangu, na wasomaji wako ndio wagonjwa wangu. Naomba nafasi.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, hata ukiwa umejinyoosha kitandani. Ukianza kupiga hesabu ngumu, matumizi hayo huongezeka kidogo sana.

Mwaka 1995, huko Milwaukee, Marekani, Bharat Biswal na wenzake waliwapiga picha mfululizo watu waliolala ndani ya mashine bila kupewa kazi. Sehemu za ubongo zinazoongoza mikono miwili, ya kulia na ya kushoto, zilipanda na kushuka pamoja, polepole, wimbi moja likichukua zaidi ya sekunde 10, na hakuna kidole kilichochezeshwa. Shaka ya mwandishi wako ilianzia hapo, na ilikuwa shaka ya haki. MRI haioni umeme wa seli za neva. Huona mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, na pumzi peke yake inaweza kuyumbisha ishara hiyo. Hata katika vipimo vyetu vya kawaida, mzee akikohoa tu picha inaingia mistari na tunaanza upya.

Kwa hiyo ilibidi seli zenyewe zisikilizwe, kwa waya mwembamba uliopenyezwa ndani ya ubongo, huku mashine ikiendelea kupiga picha. Mtu mzima wa afya huwezi kumfanyia hivyo. Kazi hiyo ikafanywa kwa tumbili wa Asia aitwaye resus.

Kwanza, mwaka 2007, Justin Vincent na wenzake walionyesha kwamba tumbili aliyepigwa nusukaputi bado ana mitandao, yaani sehemu za ubongo zinazopanda na kushuka pamoja: ya kusogeza macho, ya viungo, ya kuona. Halafu mwaka 2010 Marieke Schölvinck, David Leopold na wenzao wakatoa jibu ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Waya ulikuwa mahali pamoja tu kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Umeme wa pale ulipopanda, sekunde 6 hadi 8 baadaye ishara ya damu ilipanda karibu gamba zima, kwa sababu damu huchelewa nyuma ya kazi ya seli. Tena uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi pale tumbili alipofumba macho! Mwaka 2018 Janita Turchi na wenzake walinyamazisha kwa dawa seli zilizo sehemu ya chini ya ubongo wa mbele wa tumbili, upande mmoja. Wimbi la jumla, lile la gamba zima, likafifia upande huo huo, lakini mitandao midogo midogo ikabaki na ramani yake. Pumzi na moyo, ambavyo ni vya mwili mzima, visingefifisha upande mmoja na kuuacha mwingine.

Ni kweli pumzi na mapigo ya moyo huchafua ishara, na watafiti hutumia muda mwingi kuisafisha. Lakini kusema yote ni uchafu ni kuwanyima watu ukweli uliopatikana kwa gharama.

Jumatatu kijana mmoja alinijia na ukurasa wenu mkononi. Baba yake amepigwa kiharusi, hasemi, kutwa amelala akitazama ukuta. "Shikamoo, dada. Hapa wanasema mtu akitulia ubongo unajizima. Wa baba ndiyo umeshazimika?" Nikamwambia kulala kimya si kuzimika, na kuhusu hali ya mzee akaongee na daktari wake. Aliukunja ule ukurasa akautia mfukoni, sikuona kama ameniamini mimi kuliko gazeti.

Ndiyo maana naomba masahihisho yatoke kwenye ukurasa huo huo wa afya, kwa herufi zinazosomeka, si pembeni chini ya matangazo. Na mtakapoyaandika, watajeni tumbili hao. Hawakuchagua kuingia kwenye mashine, na bila wao tungekuwa bado tunabishana kuhusu pumzi.

Radiografa, Mwanza