Barua ya wazi kwa wanangu mnaoshika zamu chumba cha dharura

Wanangu madaktari, matabibu na wauguzi, toka Muhimbili hadi vituo vya afya ambako watu wawili ndio zamu nzima, nawasalimu.

Nimestaafu uuguzi, lakini bado naalikwa kwenye mafunzo kazini, na kuna jambo linanikosesha raha. Ukumbi hujaa wakati wa kusaini mahudhurio, baada ya chai viti vinabaki wazi. Wengi wanafuata pointi za kuhuisha leseni. Pointi ni haki yenu, zichukueni. Ila kazi yenu haivumilii elimu iliyolala.

Mgonjwa wa dharura hakupi nafasi ya kufungua kitabu. Mtoto akiletwa amelegea mgongoni mwa mama yake, mikono yako inafanya ilichozoea kabla hujamaliza kufikiri. Kama ulichozoea kimeshapitwa, utakifanya haraka tena kwa kujiamini, na mtoto ndiye atakayelipa.

Nitawapa mfano wa maji ya mshipani. Miaka na miaka tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, afunguliwe dripu iende kasi. Ilionekana sahihi kabisa, na vitabu vilisema hivyo. Kisha watafiti wakawafuatilia watoto 3,141 wa hali hiyo Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, huko Muheza. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, majibu yakachapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, waliopewa maji kwa kasi walifariki kati ya 10 na 11 katika kila 100. Ambao hawakupewa maji hayo ya kasi, walifariki 7. Baadaye ikaonekana kwamba vifo vile vya ziada havikutokana zaidi na mapafu kujaa maji, kama wengi walivyodhani. Kilichoshindwa zaidi ni moyo na mzunguko wa damu.

Watoto hao ni wa kwetu, waliolazwa kwenye hospitali kama zenu, nyingi hazina mashine za kupumulia. Kwa hiyo msiyachukulie majibu hayo kama habari ya mbali.

Lakini someni hadi mwisho. Watoto wenye kuharisha, utapiamlo mkali au majeraha ya moto hawakuwamo. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha bado anahitaji maji, na anayahitaji sasa hivi. Nimekutana na vijana walioshika nusu ya habari hii wakaanza kuogopa dripu kwa kila mtoto. Hilo nalo linaua.

Malaria kali ni vivyo hivyo. Kwinini, dawa yetu ya zamani ya malaria, tuliiheshimu sana, pamoja na madhara yake ya masikio kuvuma na sukari kushuka. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika ulionyesha kuwa sindano ya artesunati, dawa nyingine ya malaria, inaokoa wengi zaidi kuliko kwinini, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Baadaye dozi ya artesunati nayo ikabadilika: mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4. Aliyeishia kwenye mafunzo ya kwanza anampunja mtoto mdogo kila siku bila kujua.

Na majeruhi wa bodaboda anayevuja damu: asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu aumie, na mapema ndivyo bora. Zikipita, inaweza kudhuru. Basi muulizeni aliyemleta ajali ilitokea saa ngapi, muandike kwenye faili.

Sasa mtajifunzaje? Mafunzo ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa mwaka 2018, ni mazuri na yanafaa hata pasipo vifaa vingi. Ila semina ya siku chache haibadilishi mikono. Baada ya ripoti ya asubuhi, bakini nusu saa, mara moja kwa wiki. Chagueni mgonjwa mmoja wa wiki hiyo, hasa aliyefariki. Aanze kusema muuguzi aliyempokea, daktari asikilize. Ulizeni nini kilionekana, nini kilifanyika, mwongozo wa sasa unasemaje. Asitafutwe mkosaji, siku atakapotafutwa, watu watanyamaza na hamtajifunza kitu tena. Kisha shikeni ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, na mwanasesere wa mazoezi, kila mmoja apumulishe mpaka kifua kiinuke.

Nanyi waganga wafawidhi mnaoongoza vituo, nusu hiyo ya saa iwekeni kwenye ratiba ya zamu, na awepo wa kupokea wagonjwa wakati wenzake wanajifunza. Aliyetoka zamu ya usiku mwacheni akalale. Mtafuteni siku nyingine mumfundishe akiwa amepumzika.