Sanamu za nta: joto la Kampala lipimwe kwanza

Mhariri,

Wazo la kuwa na jumba la sanamu za nta za watu mashuhuri hapa Kampala, kama lile alilofungua Marie Tussaud jijini London mwaka 1835, tunaliunga mkono kwa moyo wote. Watalii watakuja. Lakini jengo lichaguliwe kwa uangalifu.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ila huanza kulegea mapema, ikifika 35 hivi. Chini ya mabati yasiyo na dari, mchana wa Februari, joto hilo hufikiwa bila taabu. Pua haidondoki, huinama kidogo kidogo, na baada ya miezi sura si ya mwenyewe tena.

Kichwa hufinyangwa kwa udongo, kikubwa kuliko halisi kwa takriban asilimia 2, kwani nta husinyaa ikipoa. Kisha hutolewa kalibu ya plasta, nta ikamiminwa. Nywele hupandikizwa mojamoja kwa sindano, kazi ya wiki kadhaa. Anayebandika wigi ili kuokoa muda huumbuka kwenye paji la uso.

Vumbi letu jekundu nalo hung'ang'ania nta. Lisisuguliwe kwa kitambaa, rangi ya shavu itatoka. Brashi laini inatosha.

Wa kwanza kuchongewa sanamu awe John Akii-Bua, mwanariadha wetu aliyekuwa bingwa wa mita 400 kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich 1972. Kwa kuwa ni marehemu, picha zake za pande zote zianze kukusanywa sasa.

Mafundi wa sanamu,
Kampala