Mwanangu, usimchinje kwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na tunamshukuru Mungu. Umeniuliza iwapo umchinje yule mtetea aliyetokwa na nyama nyuma baada ya kutaga, nami nakuomba usichukue kisu kabla hujaitazama nyama hiyo vizuri penye mwanga. Ikiwa ni nyekundu au ya waridi, ina unyevu na inang'aa, kuku huyo ana nafasi nzuri ya kupona. Ikiwa imegeuka nyeusi na kuanza kunuka, au wenzake wamemdonoa hadi utumbo ukaning'inia, basi asiteseke zaidi.

Mtoe bandani sasa hivi, hata kabla ya kuimaliza barua hii. Kuku wakiona kitu chekundu kinachong'aa hukidonoa, na wakishaonja damu hawaachi. Kuku wengi wenye tatizo hili huuawa na wenzao kabla tatizo lenyewe halijawaua.

Ni vema ujue kilichotokea, kwa sababu matibabu yote yanatokana na hapo. Kila kuku anapotaga, sehemu ya mwisho ya mrija wa mayai hujipindua na kutokeza nje kidogo pamoja na yai, ndiyo maana yai hutoka likiwa safi ingawa yai na kinyesi vina mlango mmoja, na baada ya hapo nyama hiyo hurudi ndani yenyewe. Ya mtetea wako haikurudi. Huenda yai lilikuwa kubwa mno, kama yale ya viini viwili, au alianza kutaga akiwa bado tembe ambaye mwili haujakomaa, au amenenepa hadi mafuta yakajaa tumboni, au amepungukiwa na madini ya kalisi, ambayo misuli huyahitaji ili ijikaze, si maganda ya yai peke yake.

Tafuta mtu wa kukushikia, kisha mkalishe kuku kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika juu kidogo ya mapaja yake, na umwache humo kama robo saa. Kuku wengi hutulia wakishazoea joto, na wengine hata husinzia. Manyoya yaliyogandamana na kinyesi yakate kwa mkasi, usiyang'oe. Suuza nyama yenyewe kwa maji safi ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, kijiko kidogo kimoja kwa nusu lita, ukiyamimina taratibu bila kusugua. Vaa glavu, paka kidole mafuta ya mgando, na upapase kwa ndani uone kama kuna yai lililokwama. Likiwepo, lazima litoke kwanza, na lisipasuke, kwa kuwa vipande vya ganda hukata kama wembe. Likigoma kutoka, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Nyama iliyovimba haitaki kuingia, na kuilazimisha ni kuichana. Ipake asali, au uinyunyizie sukari ya kawaida, usubiri dakika 10 hadi 15. Sukari huvuta maji yaliyojaa kwenye uvimbe, nawe utaiona nyama ikisinyaa. Suuza, paka mafuta tena, kisha isukume ndani kwa ncha ya kidole, ukianzia katikati, polepole, na usimame kila kuku anapojikamua. Ikishaingia yote usikimbilie kutoa kidole: kiache hapo dakika chache hadi uhisi msuli wa mlango umekaza na kukibana. Anaweza kuisukuma nje tena akienda haja, pengine saa hiyohiyo. Usikate tamaa, safisha na uirudishe.

Watu wengi huona kazi imekwisha hapo, ilhali kuirudisha nyama ni dakika chache tu, na kinachoamua kama itakaa ni kumzuia kuku asitage hadi misuli ipone. Yai huchukua takribani saa 24 hadi 26 kuumbika, na karibu saa 20 kati ya hizo huwa linavishwa ganda, kwa hiyo yawezekana wakati unamtibu lingine liko njiani. Dawa yake ni giza. Kuku anayetaga vizuri huhitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Mpe saa 8 au pungufu, katika kizimba kilichofunikwa lakini chenye hewa ya kutosha. Utagaji haukomi papo hapo, hivyo tarajia yai moja au mawili ya mwanzo, na uwe karibu kumwangalia.

Mtandikie kitambaa safi badala ya maranda, kwa sababu maranda hunata kwenye nyama mbichi. Maji ya kunywa yasikosekane hata kidogo, maana kinyesi kigumu humfanya ajikamue na kuharibu kazi yako yote. Chakula mpe kwa kiasi, pamoja na majani mabichi, na maganda ya chaza yaliyopondwa yakae kwenye chombo cha peke yake ale anavyotaka. Utasikia watu wakisifu dawa ya bawasiri ya binadamu. Yenye ganzi usiitumie bila kumwuliza daktari wa mifugo, kwani ndege hudhurika upesi na dawa za aina hiyo.

Ukiirudisha siku nzima na bado inatoka, mpeleke kwa daktari amshone uzi kuzunguka mlango, akiacha upenyo wa kupitisha kinyesi. Usijaribu kumshona mwenyewe kwa uzi wa nguo. Akichomwa sindano ya antibiotiki, uliza ni siku ngapi mayai yake hayafai kuliwa, na uzifuate.

Asirudi bandani hadi sehemu hiyo iwe kavu, imefungika na haina wekundu wowote. Mrudishe jioni wenzake wakiwa wamelala. Sitakuficha kwamba kuku aliyewahi kutokwa huweza kutokwa tena anapoanza kutaga upya, na ikijirudia mara kwa mara mimi nisingeendelea kumtesa.

Wale tembe waliobaki usiwawashie taa usiku kwa haraka ya kupata mayai. Waache wakue kwanza, na chakula cha kuku wa mayai uwaanzishie wanapokaribia kutaga. Mahindi matupu yapunguze kwa wote, maana hayo ndiyo yanayowajaza mafuta.

Ni mimi,
Mama yako